MBATIAN NA NYOTA YENYE MKIA

Utangulizi

Msafiri atokaye Nairobi kuelekea Namanga hupita Kitengela, Isinya, mji wa Kajiado na Bisil kabla ya kufika mpakani. Njia yote hiyo imo katika nchi ya Wamaasai: Kitengela ni malisho ya kale ya Wakaputiei, na upande wa kusini, karibu na mlima uitwao Oldoinyo Orok, ni nchi ya Wamatapato. Katika nchi hiyo ya Wamatapato ndiko alikomalizia siku zake Mbatian, oloiboni aliyesifika kuliko wote, ambaye jina lake leo limo kwenye kilele kirefu zaidi cha Mlima Kenya.

Wengi wetu tunamfahamu Mbatian kwa mambo mawili: kwamba alitabiri kuja kwa Wazungu, na kwamba mwanawe mdogo, Olonana, alimpokonya kaka yake urithi kwa hila. Jambo la tatu halisemwi sana. Utabiri wa kuja kwa Wazungu, kama ulivyohifadhiwa katika simulizi za Wamaasai, umefungamanishwa na kuonekana kwa nyota yenye mkia. Makala haya yanakusudia kueleza maisha ya Mbatian kwa kuifuata nyota hiyo: ilionekana lini, ilipotea lini, na ni nini kilichokuwa kikitendeka duniani wakati ilipokuwa angani. Swali linalotuongoza ni hili: je, ukuu wa Mbatian ulitokana na nyota, au nyota ndiyo iliyopata maana kutoka kwa Mbatian na watu wake?

Istilahi

Kabla ya kuendelea, ni vyema tukubaliane kuhusu maneno. Katika mazungumzo ya kawaida, neno kimondo hutumiwa ovyo kwa kila kitu cha angani kisichokuwa nyota ya kawaida. Kimondo ni kile kimulimuli kipitacho angani mara moja na kutoweka, au jiwe lenyewe likishaanguka, mfano wa lile maarufu la Mbozi, Tanzania. Nyota yenye mkia, ambayo wanasayansi huiita kometi, ni kitu kingine. Haipiti kwa kasi machoni. Hutokea, ikakaa majuma au miezi, na kila usiku husogea kidogo tu miongoni mwa nyota nyingine. Anayetaka kuifuata sharti azijue nyota za jirani, akumbuke jana ilikuwa wapi, kisha alinganishe na leo. Iwapo imefifia, kazi huwa ngumu zaidi: mwezi uwe umetua, macho yazoee giza kwa muda wa karibu nusu saa, na mara nyingi huonekana vyema zaidi mtu asipoikazia macho moja kwa moja bali akitazama kando yake kidogo.

Tofauti hii ina uzito katika hadithi yetu. Kimondo huweza kuonwa na mtu mmoja aliyetoka nje usiku, naye akakosa shahidi. Kometi huonwa na jamii nzima, kwa muda mrefu, ikazungumzwa na kujadiliwa. Kwa wafugaji waliolala wakilinda mifugo dhidi ya simba, na walioamka kabla ya alfajiri kukamua, haikuwezekana kometi kubwa ipite bila kuonekana. Wamaasai walizifahamu nyota. Kundi la kilimia, ambalo wao huliita Ilkokua, liliwasaidia kuyajua majira ya mvua. Kwa hiyo mgeni yeyote aliyeingia katika anga hilo alitambulikana upesi.

Nasaba na malezi

Iloibonok, yaani wapiga ramli na viongozi wa dini wa Wamaasai, hutoka katika ukoo mmoja wa Inkidongi. Asili yake inasimuliwa katika kisasili kinachoanzia kwenye vilima vya Ngong, vilivyomo katika Kajiado ya leo. Yasemekana kwamba watu wa ukoo wa Ilaiser walimkuta mtoto mdogo juu ya vilima hivyo, peke yake, asijulikane wazazi wake. Wakamchukua na kumlea. Baadaye ikabainika kwamba hakuwa mtoto wa kawaida, kwani wakati wa ukame mifugo aliyoichunga yeye haikukosa majani wala maji. Kutokana naye ndipo ikatoka nasaba ya iloibonok, kizazi baada ya kizazi, hadi kumfikia Supet, babake Mbatian.

Supet ndiye aliyeupa ukoo huo nguvu kubwa miongoni mwa Wamaasai, naye Mbatian alimrithi yapata katikati ya miaka ya 1860. Yafaa msomaji aelewe kwamba oloiboni hakuwa mfalme. Wamaasai hawakuwa na mfalme. Mambo ya kila siku yaliamuliwa na wazee wa kila sehemu na kwa taratibu za rika. Oloiboni aliendewa panapotokea jambo zito: vita, ukame, maradhi, ugumba, sherehe za kuwavusha morani kutoka rika moja hadi jingine. Morani hawakwenda vitani bila baraka na dawa zake. Waliposhinda, alipewa sehemu ya ng'ombe walioteka. Waliposhindwa, sifa yake ilipungua. Mamlaka yake basi yalitegemea kuaminiwa, na kuaminiwa kulitegemea maneno yake kutimia.

Katika miaka ya 1870 palitokea vita vikali kati ya Wamaasai wa Purko na washirika wao kwa upande mmoja, na Walaikipiak kwa upande mwingine. Mbatian alikuwa upande wa Purko. Walaikipiak walishindwa na kutawanyika, hata wakakoma kuwa taifa lenye nguvu. Ushindi huo ulimpandisha Mbatian daraja ambalo hapana oloiboni aliyelifikia kabla yake.

Njia za kutabiri

A. C. Hollis, afisa wa serikali ya kikoloni aliyechapisha mwaka 1905 kitabu kuhusu lugha na simulizi za Wamaasai, anaeleza njia nne alizotumia oloiboni. Ya kwanza ni mawe yaliyotiwa ndani ya pembe, yakamwagwa na kuhesabiwa. Ya pili ni kuchunguza matumbo ya mbuzi aliyechinjwa. Ya tatu ni kunywa pombe ya asali hadi akili ikachangamka, na ya nne ni ndoto. Miongoni mwa waliomsaidia Hollis kuielewa lugha hiyo ni Justin Lemenye, Mmaasai ambaye kumbukumbu za maisha yake zilikuja kuchapishwa kwa Kiswahili, jambo linalostahili kukumbukwa na wanafunzi wa lugha hii.

Katika njia hizo nne, nyota hazimo. Hili ni jambo la msingi. Mbatian hakuwa mnajimu kwa maana ya mtu anayekaa usiku akipiga hesabu za sayari ili atoe habari za kesho. Kometi haikuwa chombo chake cha kazi. Ilikuwa tukio lililowafikia watu wote kwa pamoja na kuwatia hofu, nao wakamwendea awape tafsiri. Kazi yake ilianza pale ambapo macho ya watu yalikwisha kuona.

Utabiri wa watu wa kijani

Simulizi yenyewe, kwa ufupi, ni hii. Wamaasai waliamini kwamba nyota yenye mkia ni dalili ya shida kubwa: ng'ombe kufa, njaa kuingia, na watu wao kujiunga na maadui. Inasimuliwa kwamba zamani, kabla ya Wazungu kufika, nyota kama hiyo ilionekana. Watoto waliokuwa wakichunga ng'ombe mahali pa kunywea maji wakamwona mnyama mfano wa ng'ombe dume, wa rangi ya kijani, akitoka majini. Wakaingiwa na hofu, wakamwua. Walipompasua hawakukuta damu. Mwilini mwake mlijaa mafuta. Habari zilipomfikia oloiboni akatabiri kwamba, itakapoonekana nyota nyingine ya namna ile, watu wa rangi ya kijani watatoka majini na kuingia katika nchi, nao wakiuawa watatoka mafuta badala ya damu. Haukupita muda mrefu baada ya nyota ya pili, Wazungu wakaja.

Simulizi hii inamtaja oloiboni kwa cheo chake. Lakini kitabu hicho hicho kinampa Mbatian kwa jina utabiri wa kuja kwa watu weupe, na katika vinywa vya wasimulizi wengi mambo haya mawili yamekuwa kitu kimoja. Mwanafunzi wa fasihi simulizi ataona mara moja alama za utanzu: mambo kutokea mara mbili, la kwanza likitangulia kama mfano na la pili likija kulitimiza, watoto kuwa ndio mashahidi wa ajabu, na maji kuwa mlango wa wageni. Wakamba, majirani wa Wakaputiei, wana Syokimau wao, anayesemwa kutabiri nyoka mrefu atakayekuja kutoka baharini, yaani reli. Katika maeneo haya mwambao ulikuwa ndio upande wa mambo mapya.

Nyota ya mwaka 1882

Je, iko nyota yenye mkia inayolingana na simulizi hii? Mwanzoni mwa Septemba 1882, watu wa kusini mwa dunia walianza kuona kometi ambayo ilikuja kuwa miongoni mwa zilizong'aa kuliko zote katika historia. Tarehe 17 Septemba ilipita karibu mno na jua, takriban kilomita 460,000 kutoka usoni mwake, ikang'aa hata ikaonekana mchana. Baada ya hapo ikahamia upande wa mashariki kabla ya mapambazuko, mkia mrefu ukisimama juu ya upeo. Huko Rasi ya Tumaini Jema, mwanafalaki David Gill aliipiga picha, na nyota nyingi zilizojitokeza katika picha hizo zikamshawishi kwamba ramani ya anga yaweza kutengenezwa kwa kamera.

Kajiado iko takriban digrii 2 tu kusini mwa ikweta. Kwa mtu aliyesimama kwenye tambarare hizo mwezi wa Oktoba 1882, kometi ilichomoza kabla ya jua mbele yake, bila mlima wa kuizuia upande huo na bila taa yoyote. Morani, mama mkamuaji na mtoto mchungaji, wote waliiona kabla ya kazi ya asubuhi. Kisha ikaanza kufifia. Kiini chake kilikwisha kupasuka vipande kadhaa kwa sababu ya kulisogelea jua. Mpaka Februari 1883 bado iliweza kuonekana kwa macho, ingawa kwa shida, na wenye darubini waliendelea kuifuata hadi katikati ya mwaka huo.

Sasa tutazame chini. Mwishoni mwa 1882, nyota ikiwa bado angani, Mjerumani Gustav Fischer aliondoka Pangani, na mwaka 1883 akafika Naivasha. Machi 1883, mara tu baada ya kometi kuwapotea watu wasiokuwa na darubini, Mskoti Joseph Thomson aliondoka Mombasa. Baada ya kurudi nyuma mara moja, alipita Ngong, akavuka nchi ya Wamaasai hadi Baringo na kufika karibu na Ziwa Viktoria. Hawa ndio Wazungu wa kwanza kupenya katikati ya nchi ile. Thomson aliongozwa na mfanyabiashara Mswahili, Jumbe Kimameta, aliyezijua njia hizo kwa miaka mingi. Ili apite salama, alijifanya oloiboni wa Kizungu: aling'oa na kurudisha meno yake ya bandia mbele ya watu, na akatia chumvi ya dawa katika maji yakachemka bila moto. Mwaka huo huo aliwakuta ng'ombe wakifa kwa wingi huko Laikipia.

Kwa hiyo nyota, wageni na maradhi ya ng'ombe vilifuatana ndani ya mwaka mmoja, kama simulizi inavyosema. Hata hivyo mtafiti anapaswa kujizuia. Simulizi haitaji mwaka. Kometi nyingine kubwa zilionekana mwaka 1843, 1861 na 1880. Ile ya 1843 na ya 1882 zinatambuliwa na wanafalaki kuwa za ukoo mmoja, vipande vya kometi moja ya kale, na inavutia kuziona kuwa ndizo nyota mbili za simulizi. Lakini kuvutia si ithibati. Tunachoweza kusema kwa haki ni kwamba kometi ya 1882 inalingana na simulizi kuliko nyingine yoyote.

Habari za misafara

Kuna jambo jingine la kuzingatia. Kabla ya Thomson, misafara ya Waswahili kutoka Pangani, Tanga na Mombasa ilikwisha kupita katika nchi ya Wamaasai kwa miongo kadhaa, ikitafuta pembe za ndovu. Mwaka 1870 kulichapishwa Uingereza maelezo ya njia hizo yaliyotolewa na kiongozi wa misafara, Sadi bin Ahedi. Wazungu nao walikuwa mwambao tangu Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, na Rebmann aliuona Kilimanjaro mwaka 1848. Oloiboni aliyetembelewa na watu wa kila upande hakukosa kupata habari za watu wa rangi nyingine waliokuja kwa vyombo vya baharini, wakiuliza njia.

Tukilitazama hivyo, Mbatian hapungui, anaongezeka. Wanafalaki wa wakati wake waliweza kukokotoa kometi itakuwa wapi kesho na itafifia lini, lakini hesabu hizo hazikuwaambia lolote kuhusu Wamaasai. Mbatian hakuwa na hesabu hizo. Alikuwa na habari za misafara, ujuzi wa watu wake na hofu iliyokwisha kuenea kwa sababu ya nyota. Aliunganisha mambo hayo na kuwaonya watu kwamba wakati unabadilika. Alitumia dalili iliyoonekana na kila mtu kusema jambo ambalo wachache walikuwa tayari kulisikia.

Miaka ya mwisho

Utabiri wake wa pili ulikuwa mchungu zaidi. Inasimuliwa kwamba aliwaambia watu wahamishe malisho yao kwa sababu ng'ombe watakufa. Wangeona kwanza nzi wajengao mizinga kama nyuki, kisha wanyama wa mwituni wangekufa, na mwisho ng'ombe. Sotoka, iliyoingia pembe ya Afrika mwaka 1887, ilifika nchi ya Wamaasai yapata 1890. Inakadiriwa kwamba katika sehemu nyingi zaidi ya asilimia 90 ya ng'ombe waliangamia. Ikafuata njaa, kisha ndui mwaka 1892. Wamaasai huukumbuka wakati huo kwa jina la Emutai, yaani maangamizi. Mbatian mwenyewe alifariki yapata mwaka 1890, sotoka ikiwa inaendelea.

Kifo chake kinasimuliwa hivi. Aliwaita wazee wa Matapato akawausia wasihame, la sivyo wangekutwa na ndui, vifo vya mifugo na kushindwa vitani. Akasema mrithi wake ni yule atakayempa vifaa vya uoloiboni. Usiku akamwambia Senteu, mwanawe mkubwa, aje alfajiri. Olonana aliyasikia hayo akiwa amejificha katika zizi la ndama, akawahi kabla ya kaka yake. Mzee alikuwa na jicho moja tu na nguvu zimekwisha. Akamkabidhi rungu la chuma, pembe, kibuyu, mawe na mkoba. Senteu alipofika, mambo yalikuwa yamekwisha. Msomaji makini ataona kwamba katika utabiri mmoja watu wanaagizwa wahame na katika mwingine wanakatazwa. Yamkini ndani ya usia huo wa pili mna sauti ya wafuasi wa Olonana, waliosimulia baada ya kushinda.

Mgogoro wa ndugu hao ulizaa vita hadi mwaka 1902, Senteu alipokubali kushindwa. Olonana alikuwa amejisogeza kwa Waingereza, nao wakamtambua kuwa mkuu wa Wamaasai wote, cheo ambacho babake hakuwahi kuwa nacho. Kwa mkataba wa 1904 Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine katika hifadhi ya kusini, iliyojumuisha Kajiado. Olonana alifariki Machi 1911, na mwaka huo ulitiwa saini mkataba wa pili, wa kuwaondoa walioko Laikipia. Watu wa kijani walikuwa wametoka majini na kukaa.

Mwaka 1899 Mwingereza Halford Mackinder alifika kilele cha Mlima Kenya. Vilele viwili virefu zaidi vikapewa majina ya Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, kwa ajili ya Mbatian na nduguye. Jina la Olonana liko kwenye kilele cha Lenana, mita 4,985.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kometi ilifuata njia yake, na ingeifuata hata kama hapangekuwa na mtu Kajiado wa kuiona. Maana yake ndiyo iliyotoka kwa watu. Mbatian anastahili kuheshimiwa kwa sababu alichukua dalili, habari na hofu za wakati wake akazifanya onyo. Simulizi zikaja kulipanga onyo hilo upya baada ya mambo kutokea, kama simulizi zifanyavyo kwa mashujaa wote wa mighani.

Mwaka 2024 kometi Tsuchinshan–ATLAS ilionekana kabla ya alfajiri mwishoni mwa Septemba, na jioni kuanzia katikati ya Oktoba. Mtu wa Kitengela aliyetaka kuiona alipambana na taa za mji wake, za viwanda vya Athi River na mwanga wa Nairobi ulioenea angani. Wa Bisil au Namanga alikuwa na nafasi bora zaidi. Malisho ya Wakaputiei yamegawanywa viwanja, na giza lenyewe linapungua. Wazee wanaozijua nyota kwa majina ya Kimaasai nao wanapungua. Wanafunzi wa Kiswahili wanaotafuta mada ya utafiti wangefanya vyema kwenda kwao na daftari, wayakusanye majina hayo, na wayatafutie visawe katika Kiswahili.